Halmashauri zisizo na mgodi nazo zikumbukwe





Kijijini kwetu, mkoani Shinyanga, wananchi tulichanga fedha, tukafyatua tofali, akina mama wakasomba maji na mchanga, tukasimamisha boma la zahanati hadi kwenye linta. Utaratibu unajulikana: wananchi wainue kuta, halmashauri ipaue. Kila tukiuliza tunajibiwa kwamba fungu halijapatikana. Boma limenyeshewa mvua za misimu mitatu na sasa mbuzi wanalala ndani. Mama akishikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye baiskeli hadi kata ya jirani. Viongozi wetu siwalaumu sana, maana halmashauri yetu hutegemea ushuru wa pamba, mpunga na minada ya ng'ombe, na mwaka wa ukame mapato hayo nayo hukauka.

Wenzetu wenye migodi wana ushuru wa huduma, unaotokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Wao nao walipunjwa. Kwa miaka mingi mikataba iliruhusu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu kulipa halmashauri dola 200,000 tu kwa mwaka, hadi ilipoanza kulipa asilimia 0.3 ya mauzo yake mnamo mwaka 2014. Tena, tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, kampuni hulazimika kukubaliana na halmashauri juu ya miradi ya jamii. Waliopigania hayo wanastahili pongezi. Lakini fedha hizo huishia palipo na shimo.

Tazama Kahama. Iliyokuwa halmashauri ya wilaya iligawanywa: Msalala ikapata Bulyanhulu, Ushetu ikabaki na tumbaku yake. Watu ni wale wale, wameoana na kuzikana. Hata Bukombe ilikuwa mkoa wetu wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012.

Madhara ya machimbo hayaulizi mpaka. Mpwa wangu alikwenda Geita kupasua mawe katika machimbo ya wachimbaji wadogo. Baada ya miaka minne amerudi na kifua, hawezi kushika jembe. Fedha aliyoichuma aliimalizia huko huko. Anayepaswa kumtibu sasa ni halmashauri yetu, ile isiyo na bati la kupaulia.

Ninalopendekeza ni hili. Mrabaha wa dhahabu, uliopandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017, hulipwa Serikali Kuu. Sehemu yake ndogo, kwa kiwango kitakachotajwa katika sheria, irudishwe kwa halmashauri zote za mikoa inayochimba, zenye mgodi na zisizo nao, kwa kazi moja tu ya kumalizia maboma ya zahanati na madarasa. Kiasi kilichopokelewa kibandikwe katika ofisi ya kila kijiji. Jirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Madini ya mwaka 2016, waliandika kwamba asilimia 70 ya mrabaha iende Serikali ya Taifa, 20 kaunti na 10 kwa jamii ya mahali penye madini. Si lazima tuige tarakimu zao.

Wapo watakaosema kwamba Hazina tayari hulipa mishahara ya waganga na hununua dawa. Ni kweli. Lakini mganga hapangiwi kituo kwenye nyumba isiyo na paa, wala dawa hazihifadhiwi juani.

Jambo hili lisicheleweshwe. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Miaka 12 tu! Pamba tukivuna tunapanda tena, dhahabu haioti mara ya pili.

Fundi wetu amekwisha piga hesabu: bati 90, mbao na misumari. Nawaomba wabunge wa Shinyanga na Geita walifikishe suala hili katika kikao cha bajeti.

Mwanakijiji,
Shinyanga.