Katazeni chupa, chakula kiacheni kipite: barua ya wazi kwa waandaaji wa AFCON 2027

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya maandalizi ya AFCON 2027, upande wa Tanzania

Waheshimiwa,

Najua meza zenu zimejaa: nyasi, taa, barabara, hoteli, na wakaguzi wa CAF wasiokwisha. Ninalowaandikia ni dogo kuliko hayo yote, lakini litamgusa kila atakayepita getini. Ni habari ya chakula na maji ambayo shabiki anatoka nayo nyumbani.

Mwaka 2027 sisi, Kenya na Uganda tutapokea Kombe la Mataifa ya Afrika. Kanuni za uwanjani zitaandikwa, na zikifuata desturi ya mashindano makubwa yaliyotangulia, zitakuwa na mstari unaopiga marufuku chakula na vinywaji kutoka nje. Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 lilikuwa nao, likiacha upenyo kwa chakula cha watoto wachanga na cha wenye sababu za kiafya. Ombi langu ni kwamba mstari huo msiunakili tu kwa kuwa wengine wameuandika. Na mkumbuke kwamba CAF watafunga virago, kombe litakwenda kwa mwenyewe, lakini kanuni mlizozoesha walinzi wa getini zitabaki. Zitatumika kwenye ligi, na ligi yetu huchezwa mpaka Januari na Februari, wakati Dar es Salaam inachemka.

Sitasema kama mimi ni wa Msimbazi au wa Jangwani, maana nusu ya wasomaji wangeishia hapa. Itoshe kusema kwamba nakaa mzunguko, kwenye majukwaa ya tiketi za bei ya chini.

Mtu wa mzunguko hesabu zake ni hizi. Tiketi mara nyingi ni Sh3,000 au Sh5,000. Ongeza nauli ya kutoka Mbagala au Gongo la Mboto, kwenda na kurudi, na kama ana watoto wawili kila kitu kinazidishwa. Kiti hakina namba anayoitegemea, kwa hiyo siku ya dabi anawahi. Siku ya Simba Day au kilele cha Wiki ya Mwananchi ndiyo usiseme: watu wanaingia tangu asubuhi, wanatazama wasanii, wanatambulishiwa kikosi, na mechi yenyewe inakuja jioni au usiku. Mtu anakaa humo saa nane, pengine kumi. Binadamu gani anakaa saa kumi bila kula? Akibeba chapati mbili na mayai ya kuchemsha amepanga siku yake kwa akili. Akinyang'anywa getini, anachagua kati ya kushinda na njaa na kununua kwa bei ya yule aliye peke yake ndani ya ukuta.

Nakubali upande wa usalama, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliua watu zaidi ya 70 jijini Kampala, wengi wao wakitazama mpira kwenye klabu ya raga ya Kyadondo. Baada ya hapo hakuna mtu mwenye akili timamu katika nchi hizi tatu anayeweza kulalamika kufunguliwa begi. Chupa ya kioo isiingie. Chupa ya plastiki iliyojaa maji na kufungwa kifuniko nayo ni silaha ikirushwa kutoka jukwaa la juu, mwamuzi msaidizi yeyote atawaambia. Pombe ndiyo kabisa.

Lakini chapati haijawahi kumpasua mtu kichwa. Oktoba 2016, siku ya dabi ya Simba na Yanga, kilichong'olewa na kurushwa kwenye Uwanja wa Mkapa, wakati huo ukiitwa Uwanja wa Taifa, kilikuwa viti vya uwanja wenyewe. Hakuna aliyekuja na kiti kutoka nyumbani. Na tarehe 28 Mei 2023, siku ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na 30 walijeruhiwa kwenye msongamano wa kuingia. Sidai kwamba chakula kilihusika. Nasema kwamba geti ndipo mahali pa hatari, na mlinzi anayebishana na mama juu ya hotipoti ya wali, huku nyuma yake foleni inasukumana, yuko kwenye kazi isiyo yake.

Kwa hiyo tutenganishe. Katazo la chupa ni la usalama. Katazo la chakula, kwa sehemu kubwa, ni la biashara: kuna mzabuni aliyelipia haki ya kuuza ndani, naye hataki kushindana na jiko la mtu. Biashara si dhambi. Uwanja una gharama, umeme wake pekee si mchezo. Kinachokera ni kuivisha biashara sare ya polisi. Kama sababu ni zabuni, semeni zabuni, tujadiliane kwa lugha hiyo.

Na katika lugha hiyo wenye uwanja wana hoja. Tarehe 3 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba ukumbi wa sinema una haki ya kuzuia chakula cha nje, ikatengua amri ya mahakama ya Jammu na Kashmir ya mwaka 2018 iliyokuwa imeliondoa katazo hilo. Jaji Mkuu D. Y. Chandrachud alitania humo mahakamani: mtu akiingia na jilebi kisha akafuta vidole kwenye kiti, nani atalipa kusafisha? Wenye kumbi walishinda. Ila mahakama hiyo hiyo ilizingatia kwamba kumbi hutoa maji safi ya kunywa bila malipo, na kwamba mzazi huruhusiwa kuingia na chakula cha mtoto mchanga. Yaani hata pale katazo liliposhinda, lilikuwa na masharti. Tena hiyo ni sinema, mali ya mtu binafsi, saa tatu kwenye kiyoyozi. Uwanja wa Mkapa ulijengwa kwa fedha za umma na msaada wa China, na hauna paa juu ya kila kichwa.

Maji ndiyo yanayonisumbua zaidi. Septemba 2007 Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, kilifungua uwanja mpya wa futiboli ya Kimarekani bila kuweka hata bomba moja la maji ya kunywa. Chupa iliuzwa dola 3, joto likawa kali, na maji ya kuuza yakaisha kabla mchezo haujamalizika. Watu 18 walipelekwa hospitali na wengine wapatao 60 wakatibiwa palepale. Chuo kiliomba radhi, kikagawa maji bure mechi iliyofuata, kisha kikaweka mabomba. Uwanja wetu nao ulifunguliwa mwaka 2007, na una viti 60,000. Nusu lita tu kwa kila mtu ni lita 30,000 kwa mechi moja. Anayekataza maji ya nje amejitwika lita hizo, na mzabuni mwenye majokofu yake chini ya ngazi hawezi kuzibeba peke yake.

Uingereza na Hispania kuna ufumbuzi ambao hauhitaji hata mkopo: kifuniko kinabaki getini, chupa ya plastiki inaingia wazi. Chupa isiyo na kifuniko ikirushwa inamwaga maji njiani na haifiki mbali. Marekani, nchi ambayo hakuna anayeituhumu kuchukia biashara, Yankee Stadium ya New York na Dodger Stadium ya Los Angeles huruhusu mtu kuingia na chakula chake na maji ambayo hayajafunguliwa. Wenye viwanja hivyo hawajafilisika.

Kuna watu ambao kwao jambo hili si la bei kabisa. Mwenye kisukari anayetumia insulini hawezi kungoja mapumziko ndipo apange foleni ya soda. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja hawezi kumlisha soseji. Halafu kuna Ramadhani. Mechi ikianza saa kumi na moja jioni, adhana ya magharibi inaikuta kipindi cha pili, na aliyefunga anahitaji tende tatu na maji pale alipokaa. Kwa Amaan, Unguja, sidhani kama kuna mlinzi atakayethubutu kumpokonya mtu tende za futari. Basi haki hiyo iandikwe, ili isitegemee huruma ya mlinzi wala upande wa bahari aliopo.

Sasa niwaambie habari ya Salvador, Brazil, kwa sababu inatuhusu kuliko mnavyodhani. Wanawake wa Bahia wanaoitwa baiana huuza acarajé, kitafunwa cha kunde zilizosagwa na kukaangwa kwenye mafuta ya mawese. Ni ndugu wa bagia zetu, na asili yake ni Wayoruba waliopelekwa huko utumwani. Walikuwa wakiuza kwenye uwanja wa Fonte Nova tangu zamani. Uwanja ulipojengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, wakaambiwa kanuni za FIFA haziruhusu wachuuzi ndani ya eneo la kilomita 2. Waliandamana, wakakusanya saini, wakaja na magauni yao meupe siku ya ufunguzi. Mwaka 2013, kwenye Kombe la Mabara, FIFA ilirudi nyuma na baiana sita wakaruhusiwa kuuza uwanjani hapo. Sita ni wachache. Lakini kanuni iliyosemwa kuwa haiguswi iliguswa.

Temeke, ulipo Uwanja wa Mkapa, ina mama lishe wake. Ina wauza korosho, karanga, mihogo ya kuchoma, mishikaki na juisi ya miwa, ambao siku ya mechi ndiyo siku yao ya kodi ya nyumba. Mkitangaza eneo la kilomita kadhaa kuwa la wadhamini, mtakuwa mmewakataza wao nje na sisi ndani kwa pigo moja. Mkitenga vibanda ndani kwa vikundi vyao, vilivyosajiliwa na kukaguliwa na bwana afya, nusu ya sababu ya sisi kubeba hotipoti itakuwa imekwisha yenyewe.

Na mzabuni asiogope bei nafuu. Mercedes-Benz Stadium ya Atlanta ilipofunguliwa mwaka 2017 iliuza maji, soda na hotidogi kwa dola 2 kila kimoja, na kwa jumla bei zikawa karibu nusu ya zile za uwanja wa zamani. Matumizi ya kila shabiki kwa chakula na vinywaji yalipanda kwa asilimia 16. Watu walikuwa na njaa siku zote, ila walikuwa hawataki kuibiwa.

Ninachoomba kinaweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa wa Kiswahili kinachoeleweka. Kioo, pombe na makopo visiingie. Maji yaingie kwenye plastiki bila kifuniko, na mabomba ya maji ya kunywa yawekwe kila upande, mzunguko kwanza kabla ya VIP. Chakula cha kumtosha mtu mmoja kiingie kwenye mfuko wa kuonesha ndani. Dawa, chakula cha mtoto na cha futari visiombewe kibali. Bei za ndani zibandikwe getini, ili mtu aamue kabla hajaingia. Uwanja mpya wa Arusha bado unajengwa, na bomba ni rahisi kulitia sasa kuliko kuvunja zege baadaye.

Tafadhali chapisheni rasimu ya kanuni hizo kabla tiketi hazijaanza kuuzwa, na mtupe muda wa kutoa maoni. Tukishalipa, hakuna atakayetusikiliza.

Wenu katika michezo,

Shabiki wa mzunguko,
Dar es Salaam