Mashine Kubwa Haiondoi Mtu wa Kuelekeza



Mashine ya JCB kila mtu hapa Juba anaijua. Jina ni la kampuni ya Uingereza ya Joseph Cyril Bamford, iliyotoa mashine yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1953, lakini sisi tunaita hivyo hata ile ya Caterpillar au Case. Mbele ina ndoo ya kuzolea, nyuma ina mkono wa kuchimbia, na opereta hugeuza kiti kufuata kazi. Zile kubwa zina magurudumu manne yaliyo sawa, na uzito wake hupita tani 8. Mkono ukirefushwa huchimba zaidi ya mita 5 kwenda chini. Hatuipingi mashine. Wengi wetu tulitoka Uganda na Kenya kuja kuiendesha, na ile lami ya kilomita 192 hadi Nimule, iliyozinduliwa mwaka 2012, isingejengwa kwa majembe.

Tunachopinga ni hesabu za waajiri. Mmoja alipoleta ile kubwa alisema mashine moja sasa inafanya kazi ya mbili, basi mwelekezaji wa nini? Akamwachisha kazi. Mshahara wake wa mwezi haukufika bei ya tairi moja la mashine hiyo!

Opereta akizoa kwa ndoo ya mbele, mgongo wake umeelekea mtaroni. Siku ile aliambiwa apakie lori upesi, huku wenzetu wawili wakisawazisha chini kwa sepetu. Miguu ya kuegemea ilikuwa imekunjwa, mashine ikarudi nyuma hadi ukingoni, na ukuta ukaporomoka. Mwenzetu mmoja alifukiwa hadi kifuani. Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu au zaidi, na ulikuwa umelowa mvua. Tulimchimbua kwa mikono. Yu hai, lakini mguu umevunjika, na mwajiri anasema kosa ni la opereta.

Sisi tunakataa. Opereta hana macho kisogoni, na aliyekuwa macho yake alifukuzwa.

Tunataka mwelekezaji arudishwe, kuta za mtaro zizuiwe kwa mbao, na mashine isisogee wakati mtu yuko chini. Mpaka hapo, ndugu, usishuke. Ukiambiwa ushuke, mwite mwakilishi wa chama kwanza.