Mheshimiwa Waziri, kunyoosha mikono si kukubaliana

Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI)

Yah: Uendeshaji wa mikutano mikuu ya vijiji

Mheshimiwa Waziri,



Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa kijiji kimoja mkoani Tanga. Naandika kuhusu mkutano mkuu wa kijiji, chombo ambacho ofisi yako inakilea katika vijiji zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, awe tajiri wa ng'ombe au kijana asiye na hata jembe. Haki ya kujiamulia mambo yetu tuliwahi kuikosa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa na madaraka yakahamia kwa maofisa wa mikoa na wilaya, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Baada ya kosa la namna hiyo, mkutano wa wananchi haustahili kutumiwa kama muhuri wa kugongea mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Nikueleze mkutano mmoja niliohudhuria. Ajenda ilikuwa mahali pa kujenga kilula cha maji. Uliitishwa saa nne asubuhi, ukaanza karibu saa saba mchana kwa sababu wageni walikuwa bado njiani. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa na viti vya viongozi, kisha mabenchi ya shule waliyokalia wanaume. Wanawake walitandika khanga chini, nyuma kabisa, na waliokaa mwisho walikuwa wanasikia nusu. Hotuba zikachukua zaidi ya saa nzima. Ilipofikiwa ajenda yenyewe, jua lilikuwa limeshapinda na kina mama wengi walikuwa wanawaza watoto waliotoka shule bila kula. Mwenyekiti akataja eneo lililopendekezwa na halmashauri ya kijiji, pale barabarani penye maduka. Wazee wawili na mfanyabiashara mmoja wakaunga mkono. "Kuna mwenye swali?" Kimya. "Tumekubaliana?" "Ndiyooo!" Mikono ikanyooshwa, na muhtasari ukaandikwa kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja.

Tukiwa njiani kurudi, mama mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kuhusu korongo lililo kati ya maduka na kitongoji chao. Alijua linaanza kujaa lini, alijua upande upi unabomoka, alijua kwamba wakati wa masika mtoto hawezi kulivuka na ndoo kichwani. Nikamuuliza mbona hakuyasema pale mkutanoni. Akanijibu: "Mwalimu, ningesimama vipi, na wakubwa walishakubaliana?"

Kilula kimejengwa. Masika yakiingia, wanawake wa kitongoji kile wanarudi kwenye kisima chao cha zamani.

Wahenga wamesema penye wengi hapaharibiki neno. Pale tulikuwa wengi na neno likaharibika, kwa kuwa waliosema walikuwa watu watatu. Na sioni mtu mbaya katika habari hii. Mwenyekiti wetu ni muungwana, hali rushwa, na kijiji kinampenda. Amepewa semina za mapato, za michango, za ulinzi na usalama. Hajawahi kufundishwa namna ya kuendesha mjadala: jinsi ya kumpa nafasi asiyezoea kusema mbele za watu, jinsi ya kumzuia kwa adabu aliyezoea, au jinsi ya kutambua kwamba kimya cha watu hakina maana ya kuridhia.

Sheria zetu zimehesabu vichwa vizuri. Halmashauri ya kijiji ni wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Baraza la ardhi la kijiji ni wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Nayaheshimu sana matakwa hayo, kwani yamewaingiza mama zetu ndani ya vikao. Lakini mtu anaweza kukaa kikaoni miaka mitano, jina lake likiandikwa kila mara kwenye mahudhurio, na asiulizwe lolote hata siku moja.

Na madaraka yenyewe si madogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, ikiwa ni hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Hekta 250 zinaweza kuondoka kwa "ndiyooo" moja ya saa tisa alasiri, watu wakiwa na njaa.

Mheshimiwa, ujuzi tunaouhitaji tayari tunao vijijini. Nenda kwenye kikundi chochote cha vicoba, vile vya kuweka akiba na kukopeshana. Wanachama wanakaa duara, hakuna meza kuu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Hesabu zinasomwa kwa sauti kila mmoja akisikia, na mwanachama akiomba mkopo, wenzake wanamhoji bila kuogopana. Mama yule yule aliyenyamaza kuhusu korongo, huko ni mweka hazina, na hoja zake zinasikilizwa. Kilichombana ulimi ni namna tulivyoupanga mkutano.

Kwa hiyo ninaloomba ni waraka wa ofisi yako, mfupi, unaoweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji. Useme kwamba jambo zito, kama ardhi, mchango mkubwa au mahali pa mradi, lisiamuliwe siku lilipotajwa kwa mara ya kwanza. Lianzie vitongojini, watu wakae makundi madogo, wanawake peke yao na vijana peke yao pale inapobidi, kisha kila kitongoji kije na kauli yake kwenye mkutano mkuu. Useme saa ya mkutano ipangwe na wenye kijiji, na mgeni akichelewa atukute tumeanza. Muhtasari usomwe kabla ya kufunga, pamoja na maoni ya waliopinga, halafu ubandikwe. Asiyesikia apate wa kumtafsiria kwa ishara, hata kama ni ndugu yake. Asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani kuulizwa.

Kuna kundi moja ambalo husahaulika zaidi ya yote, nao ni wafugaji. Wilayani Kilosa, Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa katika mapigano na wafugaji. Sidai kwamba mkutano mmoja ungeyazuia yale. Ninachojua ni kwamba mpango wa matumizi ya ardhi unaopitishwa wakati wafugaji wapo malishoni ni karatasi tu. Ng'ombe hawasomi ramani, na mwenye ng'ombe hatailinda njia ya mifugo ambayo hakuulizwa inapita wapi. Mikutano ya ardhi iitishwe majira ambayo wafugaji wapo, na kauli yao iandikwe.

Najua utaambiwa na wasaidizi wako kwamba majadiliano marefu yanachelewesha miradi. Yanachelewesha kweli, wiki mbili, pengine mwezi. Kilula cha kwetu kilijengwa haraka.

Mwisho kabisa, Mheshimiwa, naomba wenyeviti wa vijiji na watendaji wapewe mafunzo ya kuendesha mjadala, na wakufunzi wa kwanza wawe wanawake wanaoongoza vicoba katika kata zao. Naomba pia wewe mwenyewe uhudhurie mkutano mmoja wa kijiji bila msafara, ukae nyuma kwenye khanga na kina mama, kisha useme kama unasikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, Tanga