Keki ni ya kulishana

Hapa Uingereza mwaliko wa bethdei ya mtoto una saa ya kuja na saa ya kuondoka. Saa nane hadi saa kumi, basi. Keki inakatwa dakika za mwisho, kipande kinaviringishwa kwenye tishu, kinatiwa kwenye kimfuko, kwaheri.

Sisi keki tunalishana. Mtoto anamlisha mama, baba, shangazi, mama mdogo, mpaka jirani, nao wanamlisha yeye. Picha haziishi, jamani, najua. Lakini ile foleni ndiyo inayomfundisha mtoto nani ni nani. Nyie mnaochanganya shangazi na mama mdogo, hamkulishana keki za kutosha!

Januari mpwa wangu alitimiza miaka 7. Dada akafanya sherehe mbili: Jumamosi ya wenzake wa shule, yenye tishu, Jumapili yetu, pilau na kumwagiwa maji na binamu zake (bafuni, maana nje baridi kali).

Bibi yake yuko Tanga. Viza amenyimwa mara 2, hajawahi kumshika mjukuu huyu. Huku saa kumi na mbili jioni, kule saa tatu usiku, akawa bado macho anangoja zamu yake kwenye simu. Ilipofika, mtoto akasogeza kipande mpaka kwenye kioo, krimu ikapakaa.

"Bibi, kula."

Bibi akafumbua mdomo, akatafuna kabisa, akameza. Akasema sukari imezidi.