Mashapo katika Difu Mpya

Difu iliyofunguliwa na kuundwa upya huaminiwa kuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kwa hiyo mwenye gari anapomwaga oili baada ya kilomita mia chache tu, akakuta tope la kijivu limeng'ang'ania sumaku ya kizibo, hukumu hutolewa papo hapo: fundi ni mwongo, ameweka vyuma vikuukuu.

Nimeushuhudia ugomvi wa namna hiyo katika gereji moja ya jua kali jijini Nairobi. Mteja alikuwa na neno moja tu, "uchafu". Fundi, kijana mweledi wa kazi yake, alimjibu kwa neno lilo hilo: "Huo uchafu ni wa kawaida, mzee." Nani angemwamini? Alilipwa nusu ya ujira wake.

Ilhali alisema kweli. Gia ndogo inayoingiza nguvu ndani ya difu na ile kubwa ya duara zikiwa mpya, meno yake husuguana hadi yakazoeana, na unga unaobanduka huwa laini kama masizi. Ukiusugua baina ya vidole hauchomi. Sumaku imewekwa pale makusudi iunase. Ndiyo maana mafundi wengi hushauri oili ya kwanza imwagwe mapema, baada ya kilomita 800 hivi. Pengine huonekana pia madoa ya manjano. Hayo ni mabaki ya rangi ambayo fundi huyapaka meno ili aone yanagusana wapi, na mimi ningemwogopa zaidi fundi asiyeipaka. Vinyama vya gundi ya silikoni ni dalili ya mkono mzito. Lakini vibanzi vya chuma vinavyokwaruza kidole, au kipande cha jino, ni habari nyingine kabisa: gari hilo lisiendeshwe. Na oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Mambo matano, na yote yaliitwa uchafu! Si kwamba Kiswahili ni maskini. Unga, tope, vibanzi, chembe, mashapo: maneno tunayo tele, na mafundi wenyewe wametuongezea difu, gia na beringi, ambayo sina ugomvi nayo hata kidogo. Kasoro iko darasani. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi, lakini mwanafunzi wa umakanika hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha akaenda kumhudumia mteja kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyemfunza kukitumia kazini.

Nasi walimu wa Kiswahili tungali tunadai insha za mawio ya jua. Mwalimu aliye karibu na chuo cha ufundi na awapeleke wanafunzi karakanani siku oili inapomwagwa. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kueleza alichokiona kwenye sumaku, bila kulitumia neno uchafu, kisha fundi ndiye asahihishe.