Kadi ya grafiki haipimwi kwa kadogo

Niko na GTX 970 moja, nimeona nyingine kama hiyo inauzwa bei ya kutupa. Niongeze ziwe mbili, ama niuze hii nitafute moja ya juzi juzi? Ukijulikana mtaani kuwa unajua kushika bisibisi, haipiti wiki bila kuulizwa swali hili. Na anayeuliza huwa tayari amependa jibu la kwanza, anataka tu umbariki. Mimi humpa la pili. Uza.

Naelewa kwa nini hutaki kusikia hivyo. Sisi ni watu wa kadogo. Mafuta ya kupikia tunapimiwa ya mbao, tokeni za stima tunanunua za soo, bando la intaneti la saa moja. Siwezi kuucheka uchumi huo kwa sababu ndio unaoniweka mjini tangu niachane na chuo. Kwa hivyo ukiambiwa nguvu za kompyuta pia zinaweza kununuliwa hivyo, kadi moja leo, nyingine mwezi wa nne hasla ikijipa, unaona hiyo ndiyo akili. Lakini mafuta ukimimina robo juu ya robo unapata nusu. Kadi ya giga 4 ukiipachika kando ya nyingine ya giga 4, gemu yako bado ina giga 4 za kutumia.

Hapo ndipo wengi hubisha, kwa hivyo acha tutulie kidogo. Njia ya kawaida ya kadi mbili kugawana kazi ni kupokezana: ya kwanza inachora fremu moja, ya pili inachora inayofuata. Ili kila moja iweze kuchora fremu nzima, lazima iwe na vitu vyote vya gemu kwenye memori yake yenyewe. Ukuta uleule, gari lilelile, uso uleule, vyote vinahifadhiwa mara mbili. Umelipia giga 8 na unatumia 4. Isitoshe, kupokezana kwenyewe hakuendi sawa kila wakati. Fremu moja inawahi, nyingine inachelewa, na kile kihesabu cha pembeni kinakuambia fremu 60 kwa sekunde huku macho yako yanaona gemu ikisitasita. Ukiwalalamikia marafiki wanakuonyesha kihesabu.

Sisemi wazo lilikuwa la kijinga tangu mwanzo. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx iliunganisha kadi mbili za Voodoo2, na wakati huo hakukuwa na kitu cha kuzifikia. Nvidia ikalifufua jina la SLI mwaka 2004, ATI ikajibu na CrossFire mwaka 2005. Kwa miaka kadhaa gemu kubwa zilitengenezwa zikijua kuna watu wa kadi mbili, na kwenye gemu iliyokubali vizuri, GTX 970 mbili zilikimbia kweli kweli. GTA V ni mojawapo ya zilizokubali. Hizo video unazotazama YouTube usiku hazidanganyi. Ni za zamani tu.

Kilichobadilika ni kwamba wenye njia wameifunga. SLI ilikuwa inategemea Nvidia kuandika maelekezo ya kila gemu ndani ya draiva zake, na kuanzia Januari 1, 2021 iliacha kuongeza maelekezo mapya kwa kadi za RTX 20 na zote za nyuma yake. Kwenye familia ya RTX 30 ni zile za 3090 peke yake zilizobaki na mahali pa kuunganishia. RTX 4090 ilipokuja mwaka 2022, haikuwa napo. Kazi ya kuzitumia kadi mbili imeachiwa watengenezaji wa gemu wenyewe kupitia DirectX 12 na Vulkan, na wengi wao wameangalia idadi ya watu wenye kadi mbili duniani wakaamua hawana muda huo. Kwa hivyo fungua Cyberpunk 2077 au Elden Ring na kadi zako mbili: moja inafanya kazi, nyingine imekaa pale kama kondakta wa basi tupu.

Kuna gemu ambazo hata hazitafunguka. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinadai kadi yenye vifaa vyake vya kufuatilia miale ya mwanga. GTX 970 haina hivyo vifaa. Pachika mbili, pachika nne, jibu ni lilelile. RX 6600 moja ya mwaka 2021, yenye giga 8, imo kwenye orodha ya kadi za chini kabisa zinazokubalika kwa gemu zote mbili. Hiyo RX 6600 ndiyo nitakayoilinganisha na 970 zako, kwa sababu ni ya daraja ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifikia akijinyima miezi michache.

Sasa tuongee kuhusu mashine yenyewe, maana hapa ndipo jambo hili linakuwa letu. Wengi wetu hatuna kompyuta iliyojengwa kutoka sufuri. Tuko na ex-UK, yaani Dell OptiPlex au HP ya ofisi iliyostaafu huko Uingereza, tukaiongeza RAM na SSD. Mashine hizo ni nzuri, mimi nahariri video kwenye moja. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya mhasibu. SLI inahitaji madabodi yenye sloti mbili pana zilizoidhinishwa kwa kazi hiyo, na OptiPlex haikuumbwa hivyo. GTX 970 moja inakula hadi wati 145 na ile ya kawaida inataka kebo mbili za umeme, kwa hivyo mbili zinataka nne na wati 290, kabla hujalisha prosesa. Pawasaplai ya ofisi haiwezi. Ukisema utabadilisha madabodi, pawasaplai na kasha ndipo kadi ya pili iingie, basi ile bei ya kutupa umeshaiaga, na doh hiyo ingekununulia kadi moja ya maana. RX 6600 inaishia wati 132 na inataka kebo moja. Pima tu kama kasha lako litaimeza na kama pawasaplai inaiweza, kwa sababu ile ya ofisi huenda isiwe hata na kebo hiyo moja.

Hesabu ya stima ifanye mwenyewe. Tofauti ya wati 290 na 132 ni wati 158. Ukicheza saa tano kwa siku, gemu ikizikamua zote mbili, hiyo ni karibu uniti 24 kwa mwezi. Kenya Power hupandisha bei ya uniti ukivuka 30, kisha ukivuka 100. Kama nyumbani mnatumia 85, hizo 24 zinawasukuma kwenye daraja la juu, na mzee akiuliza tokeni zinaenda wapi hutakuwa na la kusema. Halafu joto. Kadi ya juu inavuta hewa ambayo ya chini imeshaipasha, ndani ya kasha, ndani ya bedsitter yenye dirisha moja.

Kuna watu ambao siwezi kuwaambia hivi, na ni haki niwataje. Ukifanya uhuishaji kwenye Blender, injini yake ya Cycles hutumia kadi mbili za Nvidia bila SLI yoyote, na kazi huisha karibu mara mbili upesi, mradi kila kadi iweze kubeba mandhari yote kwenye memori yake. Hata hapo, RTX moja ina njia yake ya OptiX inayoziacha mbali hizi za zamani, na kama zako ni RX 580, matoleo ya sasa ya Blender hayazitumii hata ziwe kumi. Ukichezea modeli za akili unde nyumbani, programu kama llama.cpp hugawa tabaka za modeli kati ya kadi, na hapo memori inajumlika kweli. Hao wanunue mbili, waniache. Lakini mwenzangu wa kuhariri video za harusi, jua kwamba DaVinci Resolve ya bure kwenye Windows hutumia kadi moja pekee. Ya pili itakusubiri ulipie toleo la Studio.

Na wewe ambaye doh haijatosha? Kaa na moja uliyo nayo. GTA V itacheza, FIFA za nyuma zitacheza, Valorant itaruka. Kukaa hivyo kunauma ukiona vile mbogi inapost mashine zao zenye taa, naelewa, na kadi mbili zinapendeza kwenye picha, hilo sipingi. Ila kadi ya pili ukiinunua leo, ndiyo inayoisogeza mbali ile ya kweli.

Siku ukienda kununua hiyo moja, Luthuli au kwa msee wa mtandaoni, usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi. Beba flashi yenye GPU-Z. Programu hiyo ndogo hukuonyesha kadi ni nani hasa, na huweza kuitambua Nvidia ya zamani iliyobandikwa jina la mpya. Kisha iendeshe gemu nzito robo saa, uangalie joto na usikilize feni. Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoka ziliingia sokoni, na nyingine bado zinazunguka zikiwa zimefutwa vumbi vizuri sana. Muuzaji akikataa uipime, rudi nyumbani na pesa zako.

Hiyo 970 yako nayo usiilaze kabatini ikingoja bei ipande. Nvidia ilifikisha mwisho draiva za gemu za kizazi chake Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi 2028. Leo bado kuna kijana anayeanza na GTA V ambaye itamfaa kabisa. Mtafute yeye, mwambie ukweli wa kadi hiyo, na umwachie bei nzuri.