Futa Maina, Kisha Mtafute Otieno

Kuna karatasi moja niliyotoka nayo chuoni, na si shahada. Ni mtihani mdogo wa katikati ya muhula, somo la miundo ya data, mwaka wa pili. Swali la tatu linasema: andika jedwali la heshi linaloweza kuongeza, kutafuta na kufuta majina. Kwa kalamu. Nilipata 9 kati ya 10, tiki nyekundu imepita juu ya mistari yangu kama matatu isiyo na breki.

Msimbo ule ulikuwa mbovu. Mimi sikujua, Dakta aliyesahihisha hakujua, na hakuna namna tungejua, maana karatasi haikatai kitu.

Kama hujawahi kukutana na jedwali la heshi, fikiria masanduku ya posta manane yaliyopangwa kwa mstari, nambari 0 hadi 7. Unataka kuhifadhi simu ya Amina. Badala ya kupekua masanduku yote kila ukimtafuta, unaligeuza jina lake kuwa nambari, na nambari inakutuma moja kwa moja kwa sanduku lake. Ni wazo la kitambo, Hans Peter Luhn wa IBM aliliandika mwaka wa 1953, na leo liko ndani ya karibu kila programu unayoigusa.

Fomyula yangu ilikuwa ya kivivu. Kwa kompyuta kila herufi ndogo ina nambari yake: a ni 97, b ni 98, hivyo hivyo hadi z. Jumlisha herufi za jina, gawanya kwa 8, chukua kinachobaki. Amina anatoa 518, kinabaki 6. Sawa. Sasa mwangalie Maina. Ni herufi zilezile tano, zimebadilishana viti tu: 518, kinabaki 6. Otieno je? 654, na kinabaki 6 tena. Watu watatu, sanduku moja.

Suluhu niliyoandika ni ile ya kusogea. Sanduku 6 limejaa? Nenda 7. Limejaa pia? Rudi mwanzo, 0. Kwa hivyo Amina yuko 6, Maina 7, Otieno 0. Ukimtafuta mtu unaanza 6 na kusonga mbele, na ukifika sanduku tupu unasimama, kwa sababu angekuwepo ungekuwa umeshampata.

Haya, mfute Maina. Sanduku 7 sasa ni tupu. Mtafute Otieno. Unaanza 6, unamkuta Amina, si yeye. Unaenda 7, tupu. Unasimama. Jibu: Otieno hayuko. Na Otieno amekaa pale 0 na simu yake mkononi, hajaenda popote.

Hilo ndilo jibu lililopewa 9 kati ya 10.

Niligundua miezi kadhaa baadaye, nikiwa nyumbani nimeshaacha masomo, kwa Termux kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Niliuandika ule msimbo neno kwa neno kutoka kwa karatasi. Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kujipongeza: weka majina matatu, yatafute yote matatu, yako, lala. Manze, nilikaribia kulala kweli. Majaribio mengi ninayoona watu wakiandika ni ya aina hii. Unauliza kile ambacho tayari unajua kitajibiwa vizuri.

Jaribio la pili lilikuwa na roho mbaya kiasi. Nilichukua majina kumi na mawili, nikaiambia programu ichague kibahati: ongeza huyu, futa yule, mtafute mwingine, mara 10,000. Kila hatua ifanyike pande mbili, kwa jedwali langu na kwa kamusi iliyojengwa ndani ya Python, na majibu yakitofautiana tu, simama. Majina yawe machache makusudi, ili yagongane.

Kwanza simu iliganda. Majina yalikuwa yamejaza masanduku yote manane, na mtafutaji wangu, aliyefundishwa kusimama akiona sanduku tupu, alikuwa anazunguka tu kama gari linalosaka parking ya CBD Jumamosi. Kosa ambalo hata sikuwa nalitafuta. Nikafanya jedwali liongezeke maradufu kabla halijajaa, na kila jina lipangwe upya. Nikaliendesha tena. Halikuchukua muda, majibu yakatofautiana. Nikapunguza hatua moja baada ya nyingine hadi zikabaki nne: weka Maina, weka Otieno, futa Maina, mtafute Otieno. Dawa yake ni ndogo hadi inaudhi. Ukimfuta mtu usiache sanduku tupu, acha alama kwamba hapa palikuwa na mtu, endelea mbele. Waandishi wa programu huiita jiwe la kaburi.

Najua utetezi. Dakta ana marundo ya karatasi, maabara ina kompyuta chache, na nusu yazo ni mapambo. Kweli. Lakini ukumbi mzima ulikuwa na simu mfukoni, na tuliambiwa tuzizime.

Utetezi wa pili huja na kicheko: buda, nani huandika jedwali lake mwenyewe siku hizi? Si Python inayo tayari? Inayo, na kazini nitatumia hiyo. Ila hata wenye lugha walishikwa. Desemba 2011, huko Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walisimama mbele ya watu wakaonyesha jinsi ya kulemaza seva kwa kuitumia fomu moja iliyojaa majina yanayogongana. Kwa Java, "Aa" na "BB" yote yanatoa 2112. Yaunganishe, AaAa, AaBB, BBAa, BBBB, na yote manne yanagongana tena. Endelea hivyo hadi maelfu, na seva inashinda ikipekua sanduku moja. Java, PHP, Python, ASP.NET, wote walikuwa wazi. Na onyo lilikuwa limetolewa mwaka wa 2003 na watafiti wawili, Crosby na Wallach. Perl ilisikia mwaka huohuo. Python iliwasha kinga yake kwa kila mtu mwaka wa 2012, ilipotoka 3.3. Miaka tisa, na hao ndio mabingwa. Sasa sisi tunaofundishwa kuandika kwa wino na kuamini tiki?

Nina sababu ya kukasirika. Muhula uleule, somo lilelile, alama yangu ya mwisho haikuonekana kwa tovuti ya chuo. Kila komredi anajua hiyo hadithi ya alama kupotea. Nilienda ofisini na hii karatasi yangu.

"Kijana, sistimu inasema hukufanya mtihani."

"Madam, nilifanya. Nilitia sahihi kwa orodha."

"Sistimu inasema hauko."

Sisemi tovuti yao ilikuwa na kosa langu la Maina. Pengine mtu aliruka tu mstari akiingiza alama. Wala sikuacha chuo kwa sababu hiyo peke yake, karo nayo ilikuwa na maneno yake. Ninachosema ni kwamba "hauko" ndilo jibu rahisi kuliko yote kwa programu kutoa, na ndilo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kulijaribu. "Yuko" hujithibitisha, unaona jina na alama. "Hayuko" unaambiwa tu, unageuka, unapanga foleni tena wiki ijayo.

Kwa hivyo tupeni mtihani mwingine. Chapisheni jedwali la heshi lenye kasoro, tuacheni na simu zetu, na swali liwe mstari mmoja: livunje, kisha uonyeshe hatua chache zaidi za kulivunja. Anayefika nne apewe 10 yake.

Faili yangu bado iko kwa ile simu. Jedwali lenyewe lina mistari kama sitini, majaribio yameshapita mia moja na ishirini. La kwanza kabisa linaitwa otieno_yuko, na huwa naliendesha hata siku ambazo sijabadilisha kitu.